Shajara ya mradi: jina, macho na ngao za jahazi Tawakal, Amu (Lamu)

Hii naijaza kila hatua ikiisha, si kila siku, kwahivo msiulize mbona kimya. Anayetaka kuiga aige. Bei ni za hapa Amu na vitu vingine vya kuagiza Mombasa, zenu zitakuwa tofauti. Hatua za kawaida nitazipita haraka maana kupaka andakoti (rangi ya chini) kila mtu anajua, pale palipoleta shida ndo nitakaa.

3 Juni 2023: Kazi yenyewe

Nahodha mmoja wa Matondoni amerithi jahazi la babake. Limepandishwa pwani msimu huu wa kusi, mafundi wanabadilisha mbao na kukalafati (kuziba nyufa), na yeye anataka likirudi majini lirudi na sura. Kazi ni tatu. Jina tezi, yaani nyuma ya chombo, liandikwe upya, macho ya omo, yale ya duara mbele ya chombo, yafufuliwe, alafu kitu kipya ambacho ndo kimenifanya nianze kuandika hapa, ngao mbili za nembo, moja kila upande wa shetri, ile sehemu ya nyuma iliyoinuka. Ameona yoti ya wageni imetia nanga kule Shela ikiwa na ngao, akaja akaniambia, "Fundi, nataka kama ile, lakini iwe yetu."

Kwa wasionijua, mi kazi hii nimeikuta kwa ami yangu pale mtaa wa Langoni, akiandika majina ya vyombo na vibao vya maduka, na kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuosha brashi na mafuta taa na kukaa kimya. Alafu kukaja ule wakati wa kupaka maduka mazima rangi za makampuni ya simu, unalipwa kwa mita, hakuna uandishi wa maana pale ila pesa ilikuwepo. Alafu flex ikaua kila kitu. Bango la kompyuta linatoka siku hiyo hiyo kwa bei ya rangi yangu tu, nani atakungoja wewe na fimbo yako ya kuegemea mkono? Ila flex kwa jua la huku na chumvi haichukui muda inachanika na kugeuka rangi, na wenye nyumba za wageni wakaanza kurudi kutaka kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkono, hapo ndo nikapumua.

Mambo ya ngao nimeyaingilia kwa mlango huo huo. Mgeni mmoja alinipa kazi ya kuchora ngao ya ukoo wao kwenye ubao, na badala ya picha akanipa sentensi. Nikamuuliza picha iko wapi, akasema hii ndo ngao yenyewe, we chora unavyojua mradi maneno yatimie. Nilifikiri ananitania. Kumbe ndivo inavyoenda kwa wenzetu Uingereza na nchi zile, ngao husajiliwa kwa maelezo, na wachoraji kumi wakiichora zinatoka ngao kumi tofauti na zote ni sahihi. Wana ofisi yao London, College of Arms, ya tangu 1484, na humo mna wachoraji ambao kazi yao ni hiyo tu mpaka kustaafu. Na sisi Kenya tunayo ofisi yetu ya jina hilo hilo chini ya Mwanasheria Mkuu, kwa sheria ya 1968, watu wengi hawajui. Nahodha hataki kusajili, anataka kupendeza, lakini nimemwambia tutafuata kanuni kama anayetaka kusajili.

Tumekubaliana 55,000 kwa kila kitu, nusu kwanza kwa M-Pesa.

10 Juni: Maneno kabla ya rangi

Nahodha alikuja na orodha. Alitaka simba wawili, siwa (lile baragumu kubwa la kale), jahazi, mnazi, hilali, nyota, na samaki. Na rangi, njano juu ya nyeupe "ing'ae". Tumekaa baraza nzima na kahawa tukipunguza.

Simba wawili wamesimama na mikuki nimekataa hapo hapo maana hiyo ni ngao ya taifa, na kuna sheria ya bendera na nembo, sura ya 99, huwezi kuitumia kwa biashara yako bila ruhusa ya maandishi. Chombo cha mizigo ni biashara. Akalalamika kidogo akaacha.

Njano juu ya nyeupe ndo ilileta ubishi. Kanuni kubwa ya ngao ni kwamba kuna madini mawili, dhahabu na fedha, na fedha unaweza kuipaka nyeupe na dhahabu ukaipaka njano, alafu kuna rangi, nyekundu, bluu, kijani, nyeusi na zambarau. Madini hayakai juu ya madini na rangi haikai juu ya rangi. Si urembo hiyo, ni kuonekana. Wale watu wa zamani walikuwa wakitambuana vitani wakiwa wamefunika nyuso kwa chuma, ukikosea kusoma ngao umemchoma mwenzako. Kuna waliovunja kwa makusudi, ufalme wa Jerusalem wa wale wapiganaji wa msalaba ulikuwa na misalaba ya dhahabu juu ya fedha, lakini inatajwa mpaka leo kwa sababu ilivunja.

Nikamuonyesha ngao yetu ya Kenya maana kila mtu anayo mfukoni. Ukiisoma kwa maneno ni hivi: juu nyeusi, chini kijani, katikati mkanda mwekundu wenye ukingo mweupe, na juu ya mkanda jogoo aliyeshika shoka kwa ukucha wa kulia, vyote vyeupe. Sasa angalia, nyeusi, nyekundu na kijani zote ni rangi, zingegusana zingekufa. Ule ukingo mweupe mwembamba tunafundishwa shule ni amani, na ni kweli, lakini ukiutazama kwa jicho la fundi ndo unaotenganisha rangi zisimezane. Jogoo naye ni mweupe juu ya nyekundu, madini juu ya rangi, safi.

Bado hakuridhika. Basi nikapaka vibao viwili vya mbao chakavu, kimoja njano juu ya nyeupe kama anavyotaka, kingine njano juu ya bluu, ukubwa mmoja herufi moja, nikavisimamisha ukutani pale gatini, tukapanda boti kuvuka kuelekea Manda. Hata hatujafika katikati ya mkondo kile cheupe kimekuwa ubao mtupu. Kile cha bluu tulikuwa tunakisoma mpaka tulipoteremka. Ami yangu aliposikia alicheka, akasema yeye hajasoma hiyo kanuni ya Wazungu popote na hajawahi kuandika njano juu ya nyeupe maisha yake, "kwani nani asomea chombo kikiwa mbee ya mato yake?" Yaani mbele ya macho yake.

Kwahivo sentensi tuliyoipitisha, na nahodha ameiweka kwenye simu yake, ni hii: Ngao ya bluu, siwa ya dhahabu imesimama wima, chini mawimbi matatu meupe. Basi. Mnazi, samaki na nyota vimekwenda zao. Hilali itabaki kwenye macho ya omo ambako ndo kwao.

24 Juni: Sifa

Hapa ndo pesa ya mwanzo imeenda bure. Mbao za tezi zile za zamani ambazo hazikubadilishwa zimekunywa sifa miaka na miaka, mafuta ya papa, ndo dawa ya mbao za vyombo na harufu yake mnaijua. Nilipiga msasa mpaka mbao ikatoka nyekundu safi, nikapaka andakoti ya kawaida, ikakaa vizuri. Nilivyorudi Matondoni ilikuwa bado inanata, na jua lilipoipiga mchana ikaanza kutoa madoa ya kahawia na vipele vidogo, ukikigusa kimoja kwa ukucha ngozi ya rangi inatoka yote na chini yake kuna mafuta yanang'aa. Sifa inapanda juu ikipata joto. Msasa unaondoa ya juu tu, tena unaipasha moto ndo unaiita.

Tuliyofanya mpaka ikakubali: kukwangua andakoti yote, kufuta na tapentaini kwa vitambaa vya pamba na kutupa kitambaa kila kikichafuka (ukirudia kile kile unahamisha mafuta tu), kuosha na maji ya moto yenye sabuni ya unga na soda ya kuoshea, vaa glavu, alafu kusuuza na maji ya kisima matamu. Si ya bahari! Kijana wangu wa kazi alishajaza ndoo baharini kwa sababu ndo iko karibu. Chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu na rangi inabanduka kama ganda. Kujua kama imetoka naulamba ubao, wanaocheka wacheke. Ukisikia chumvi suuza tena.

Alafu badala ya andakoti ya kawaida nikatumia praima ya alumini, ile ya kijivu inayong'aa, inatengenezwa kwa mbao zenye mafuta kama hizi. Haipatikani hadwea za hapa, imekuja na basi kutoka Mombasa. Praima na andakoti kwa jumla 1,600, tapentaini 900, sabuni na soda 350.

Na ngao nimeamua haziandikwi kwenye chombo moja kwa moja. Fundi seremala amenipa vipande vya mbambakofi mpya ambavyo havijaona sifa, nimevikata umbo la ngao, nitavichorea Langoni kivulini alafu tutavifunga. Mkichukua kitu kimoja kwenye shajara hii chukueni hiki, kazi ya brashi ndogo ifanyike chini ya dari.

8 Julai: Baada ya Idi

Praima imeshika. Andakoti mbili, msasa laini katikati, rangi ya juu nyeusi kwa ubao wa jina, bluu kwa ngao. Hakuna la kusimulia ila upepo wa kusi unaleta mchanga, piga rangi alfajiri kabla haujaamka.

22 Julai: TAWAKAL

Jina ni fupi na zuri na ni balaa kuandika. Anayedhani herufi zinapangwa kwa rula aandike hili. T, A, W, A, hizo zote zina mabega matupu. T imefunika juu na tupu chini, A tupu juu pande zote, W inalala kinyume chake. Nilichora kwanza kwa chaki nikiacha nafasi sawa kwa sentimita kati ya kila herufi, kijana akapima akasema ziko sawa, na kweli ziko sawa, tukarudi nyuma mpaka kwenye maji kutazama na ubao ukawa unasema TA WA KAL, maneno matatu, kama mtu anapiga kwikwi.

Dawa yake si kupima. Unatazama ule utupu ulio kati ya herufi mbili, si umbali, na unaufanya utoshane na utupu mwingine. T na A nimezisogeza mpaka mkono wa T ukaingia juu ya mguu wa A. W na A karibu zinagusana. K na A hapo katikati nimeziachia kidogo maana miguu ya chini ya K na A inakutana na kufanya giza. A na L ndo ngumu kuliko zote, L ina shimo kubwa upande wake wa kulia lakini hilo ni la mwisho wa neno, haliumizi, ila linafanya jina zima lionekane limeegemea kushoto. Kwahivo ukiweka jina katikati ya ubao kwa kipimo, litaonekana limekosea. Nimelisukuma kulia upana wa kidole. Ukisimama pwani liko katikati, ukipima haliko.

Baada ya kukubali kwa macho nikahamisha mchoro kwenye karatasi ya kaki, nikatoboa mistari yote kwa sindano, hiyo ndo karatasi ya matobo, unaibandika ubaoni na kupigapiga soksi yenye unga wa chaki, inaacha nukta. Kwenye ubao mweupe tumia unga wa mkaa. Faida yake ni kwamba kosa la mwandiko unalimaliza kwenye karatasi, na mwakani rangi ikichoka unarudisha jina lile lile.

Fimbo ya kuegemea mkono nimetengeneza ya mkoko, kichwani nimefunga pamba na ngozi ili isikwaruze. Brashi za nywele ndefu bapa ninazo za zamani. Herufi ni njano juu ya nyeusi, na kila herufi imepewa kivuli chekundu upande wa kushoto chini. Hapo mjanja mmoja ataniuliza, nyekundu juu ya nyeusi si rangi juu ya rangi? Ndiyo. Ndo maana kati ya kivuli na ubao nimepitisha uzi mweupe mwembamba, kama wa kwenye bendera. Kivuli si cha kusomwa, ni cha kuinyanyua herufi. Na nyekundu jua la huku litaifanya waridi, nimeshamwambia nahodha asije akanitafuta.

Juu ya jina ndogo kuna "tawakkaltu ala Allah" kwa hati ya Kiarabu. Hiyo sikuiandika kichwani mwangu, maalim mmoja aliniandikia kwa kalamu ya tete kwenye karatasi, mi nikaikuza na kuitoboa, na brashi bapa nimeishika mshazari ule ule wa kalamu mwanzo hadi mwisho, ukizungusha mkono kama unavyofanya kwenye herufi za kizungu inakufa. Imewekwa juu kabisa pasipokanyagwa na mtu wala kuegemewa.

5 Agosti: Siwa inatazama wapi

Nimekwenda makumbusho kutazama siwa ya shaba ya Amu kwa macho yangu, maana picha za simu zinadanganya mpindo. Siwa hupulizwa ubavuni, si mwishoni kama tarumbeta, na ile tundu ya ubavuni ndo inayoitambulisha. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa kweli sana, na kwa mbali ilikuwa pembe ya ng'ombe, hata kijana alisema "hii nembo ya bucha?" Ikabidi kuongopa kidogo ili niseme kweli: pete za shingoni nimezinenepesha, tundu nimeikuza kuliko ilivyo, mpindo nimeunyoosha, mdomo nimeupanua. Nakshi ndogondogo zote nje, kwa mbali zinakuwa uchafu. Wachora ngao wote ndivo wanavyofanya, simba wao umemuona wapi porini mwenye ulimi na kucha vile.

Kuna jambo la pande mbili ambalo sikulifikiria mpaka nimeziweka ngao zote mbili ukutani. Kwenye ngao, kulia ni kulia kwa aliyeishika, yaani kushoto kwako unayetazama, na kitu chenye uso hutazama huko. Sasa jahazi lina mbavu mbili. Ukifunga ngao mbili zinazofanana, upande mmoja siwa inaelekea omo, upande wa pili inaelekea tezi, kama chombo kinarudi nyuma. Wazee wa kazi hii walikutana nayo kwenye nguo za farasi, walikuwa wanawageuza wanyama watazame kichwa cha farasi pande zote. Basi nimegeuza karatasi ya matobo, siwa zote mbili midomo yake inatazama omo. Mawimbi hayana shida.

19 Agosti: Dhahabu ya uongo

Siwa ingeweza kuwa njano ya kopo na ingetosha. Nahodha ndo alitaka ing'ae, na mi pia nilikuwa na hamu, tusidanganyane.

Kuna karatasi za "dhahabu" za bei rahisi, hizo ni shaba na zinki zimefuliwa nyembamba. Nilinunua za 1,500 pamoja na vanishi ya kuzifunika 1,300, nikazibandika kwenye kipande cha mbambakofi na kukiacha juu ya dari huku nikiendelea na kazi nyingine. Leo nimekiteremsha. Katikati bado inang'aa, kingo zote zimekuwa kijani kama sufuria ya shaba isiyooshwa, na pale vanishi ilipopasuka kidogo kuna doa jeusi linalotambaa. Hiyo ni dari ya mjini tu, haijaguswa na wimbi. Kwa ndani ya nyumba sawa, kwa fremu ya picha sawa. Kwa chombo usijaribu.

9 Septemba: Dhahabu ya kweli

Ya kweli ni karati 23 na zaidi kidogo, haishiki kutu kabisa kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Inauzwa kwa kitabu cha majani 25, kila jani milimita 80 kwa 80. Mgeni anayekuja kila mwaka amenibebea kimoja, 6,800, na gundi yake ya mafuta 2,400. Nunua ile ya jani lililoganda kwenye karatasi yake, si majani huru. Jani huru kwa upepo wa Amu utalifuata mpaka mtaa wa Mkomani.

Mambo mawili nayaandika kwa kirefu maana hayakuwa kwenye maelezo ya kopo.

La kwanza, gundi. Imeandikwa saa tatu, kwamba ukipaka unangoja masaa matatu inafika hali ya kunata inayotakiwa. Hapa kwa unyevu wetu baada ya masaa matatu ilikuwa bado maji. Ukibandika ikiwa mbichi dhahabu inazama na kuwa matope, haing'ai tena. Ukichelewa haishiki. Namna ya kujua ni kugusa kwa kifundo cha kidole cha kati ukivuta kidogo, ikiwa tayari inalia, kisauti chembamba. Yangu ililia baada ya adhuhuri wakati nilipaka mapema asubuhi. Msitazame saa, sikilizeni kidole.

La pili, dhahabu inashika popote penye unato, hata rangi ya bluu ambayo unadhani imekauka. Kwenye ngao ya kwanza ilijishika nje ya siwa kwa vipande vipande, kama upele. Niliiondoa kwa msasa wa maji na kurudia bluu, nimepoteza majani kadhaa hapo. Kwa ngao ya pili, kabla ya gundi nilipiga ute wa yai na maji mengi juu ya ubao wote, ukakauka, ndo nikachora siwa na gundi juu yake. Dhahabu ilishika kwenye gundi tu, na baadae ule ute unaoonekana unauosha na maji ya uvuguvugu. Yai moja! Tena nusu yake ilibaki.

Juu ya dhahabu ya kweli sipaki vanishi. Vanishi inakufa kabla ya dhahabu na inabanduka nayo. Kingo za siwa nimezipitisha mstari mwembamba mweusi, kwanza unaficha ukingo wa jani, pili jua likipiga sana dhahabu inageuka kioo na umbo linapotea, mstari ndo unaolishika.

16 Septemba: Macho

Nilidhani hii ndo rahisi. Macho ya omo yalikuwa madoa mawili ya mviringo yaliyojaa rangi mpaka yamevimba, hilali haionekani ni hilali wala ndizi. Nikakwangua taratibu na kisu cha puti badala ya moto. Chini ya nyeupe kukatoka kijani, chini ya kijani nyekundu, chini yake nyeupe nyingine iliyokuwa ngumu kama jiwe, na chini kabisa patasi, mtu alikuwa amechonga hilali na nyota kwenye kiduara cha mbao, mstari mwembamba kabisa. Nahodha alikuwa hajui. Mzee mmoja fundi wa pale Matondoni akapitisha kidole akasema huo mkono anaujua, akamtaja marehemu mmoja na kumrehemu.

Basi sikubuni chochote. Nimefuata patasi, nyeupe ndani ya duara jeusi. Jicho moja lilikuwa limeanza kupakwa na kijana wangu likiwa limepanda kidogo, mzee yule yule akasimama mbali akapiga kelele, "Hilo latazama yuu! Lataka kuona ndia, si mawingu." Ndia ni njia. Tumelifuta na kulishusha.

Ngao zimefungwa na skrubu za stenlesi, 450. Msitumie misumari ya kawaida, kutu inateremka juu ya bluu na haiondoki.

23 Septemba: Hesabu

Wengi mnauliza hili tu. Rangi za gloss, bluu na nyeupe lita moja moja, nyeusi, njano na nyekundu nusu nusu, zote 4,150. Praima, tapentaini, sabuni na soda nimeshazitaja juu, pamoja ni 2,850. Msasa 500, karatasi na tepu na chaki 450, skrubu 450. Dhahabu na gundi yake 9,200, ile ya uongo na vanishi yake 2,800 ambayo ni hasara tupu. Turubai la kukinga upepo kukodi 1,200. Kijana 6,000, na nauli za boti kwenda Matondoni 2,200. Jumla 29,800. Imebaki 25,200 kwa kazi iliyoanza Juni, na katikati nimeandika vibao vingine viwili vitatu vya maduka ndo nikala. Kazi nyingine ya namna hii nitasema 70,000 na dhahabu mwenye chombo ainunue mwenyewe.

30 Septemba: Limeshuka

Limeshuka maji makubwa, mapema kabla ya pilikapilika za Maulidi ya Riyadha, na limeshakwenda na kurudi na mzigo wa boriti. Nimelikagua likiwa limefungwa gatini. Jina zima. Ngao ya kulia nzima. Ya kushoto, wimbi la chini kabisa limechunika upana wa kiganja pale kamba ya nanga inaposugua, hapo hakuna rangi itakayosimama, nahodha ataweka kipande cha ngozi au ahamishe kamba. Ubao wa tezi kona ya chini kulia kuna vipele vitatu vidogo vya sifa vimeanza tena, karibu na ungio la mbao mpya na ya zamani. Sitavigusa sasa. Nitangoja kaskazi ipite, joto litoe kilichobaki, alafu nikwangue hapo tu na kurudia kwa karatasi ya matobo.

Karatasi zote ninazo, za jina na za siwa. Wa Faza aliyeuliza kama atapata karatasi ya siwa kwa mtori wake, yaani chombo chake kidogo: ile ya siwa ni kubwa kwako, lete kipimo cha ubao nikupunguzie, ya kutoboa utatoboa mwenyewe.